Bosi alisikia habari ya kontena kwa mteja, si kwangu. Nililipa miezi minane

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Leo mchana kijana mmoja wa ofisini kwetu kaniita pembeni. Ameshaandika barua ya kuacha kazi, anatembea nayo kwenye mkoba, kilichobaki ni sahihi. Ana miezi mitano tu tangu aajiriwe. Nikamuuliza kilichomsibu, akanisimulia, na kadiri alivyosimulia nikawa najiona mimi wa mwaka 2017. Nimerudi nyumbani nikaona niliandike hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa forodha, upande wa mawakala wanaowatolea wateja mizigo bandarini. Wakati ule ofisi yetu ilikuwa Kurasini, ghorofa ya pili, ukifungua dirisha ni honi za malori mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa nyaraka: napokea bili ya shehena, ankara na orodha ya mzigo, naandaa kadhia (tamko la forodha la mzigo) kwenye TANCIS, mfumo wa forodha wa TRA, nafuatilia tathmini, kodi ikilipwa namkabidhi faili kijana wa bandarini akatoe mzigo. Bosi wangu wa karibu alikuwa meneja wa uendeshaji. Mtu wa makamo, maneno machache, ukichelewa kumjibu anagonga kalamu mezani. Simtaji yeye wala kampuni.

Kulikuwa na mteja mkubwa, muagizaji wa vigae, kontena nne. Siku ya Alhamisi napitia nyaraka, nakuta uzito kwenye orodha ya mzigo haulingani na ule wa bili ya shehena. Wanaojua bandari wanajua maana yake: mpaka kampuni ya meli irekebishe manifesti, ile orodha yake ya mizigo iliyomo melini, na hilo linakula siku. Mzigo wa ndani una siku chache tu za bure bandarini. Zikipita, tozo ya kuhifadhi inaanza kuhesabika, na kampuni ya meli nayo ina yake ya kontena.

Mimi kwa kihererehere changu nikamwandikia mteja imeili moja kwa moja. Kuna tofauti ya uzito, mzigo utachelewa, tunalishughulikia. Bosi nikamweka kwenye nakala. Nikajiona mfanyakazi bora wa mwaka.

Bosi siku hiyo alikuwa kwenye foleni ya Mandela anarudi kutoka kikaoni, imeili hajafungua. Mteja alipoisoma hakumpigia bosi, alimpigia mkurugenzi. Mkurugenzi ndiye aliyempigia bosi: "Vigae vya fulani vina shida gani?" Mwenzangu hana hata fununu. Ikabidi ajibu kwamba atafuatilia, yaani mtu mwenye idara hajui kilichomo kwenye idara yake.

Jioni akaingia, akasimama mlangoni pangu. Hakufoka. Akaniuliza, "Namba yangu unayo?" Nikamwambia ninayo. Akasema "haya", akaondoka.

Hiyo "haya" ilidumu miezi minane. Wiki iliyofuata mafaili ya wateja wakubwa yakahamia kwa mwenzangu. Mimi nikapewa kuskani mafaili ya miaka ya nyuma, chumba cha nyuma kisicho na feni. Hakuna aliyeniita kunieleza kosa. Nami sikuuliza, nikaamua tu kwamba yule mzee ananichukia. Kwa mama lishe nikawa nasema wazi: "Anaogopa vijana waliosoma." Niliyasema hayo saa saba mchana, saa tisa yalikuwa yameshapanda ghorofa ya pili kabla yangu.

Aliyenifungua macho alikuwa mama wa mapokezi. Alikuwa na miaka 14 pale, amewaona mabosi wanne wakija na kuondoka. Siku moja nasaini daftari la kuingia, akaniambia bila kuinua macho: "Mwanangu, kumwandikia mteja si kosa. Kosa umemwacha mtu mzima asimame mbele ya tajiri akiwa mtupu. Nenda kamwombe radhi. Ila usiende kabla hajanywa chai."

Nikangoja anywe chai. Nilimwambia maneno yasiyozidi dakika moja: suala la vigae ningekupigia kwanza, sikukupigia, ukaulizwa ukiwa hujui. Nisamehe, halitajirudia. Sikuweka "lakini" hata moja, ingawa nilikuwa nazo kama tano mfukoni. Akanitazama, akagonga kalamu mara mbili. "Ungekuja na maneno hayo mwezi wa pili," akasema, "tusingefika huku."

Kuanzia siku hiyo kila jioni kabla ya kufunga kompyuta nikawa namtumia ujumbe wa mistari mitatu. Naweka mfano, nimebadilisha bidhaa:

*Yaliyotoka: vigae kontena 2, zimefika kwa mteja saa tisa.*
*Yaliyokwama: matairi. Tathmini imerudishwa, wanataka ankara ya kiwandani. Nimeshaiomba, jibu kesho mchana.*
*Nangoja kauli yako: mteja wa mitumba anataka tumlipie tozo kisha aturudishie. Naona tukatae mpaka amalize deni la mwezi uliopita.*

Basi. Wiki mbili za kwanza hakujibu chochote, tiki mbili za bluu tu. Wiki ya tatu akajibu "sawa, mkatalie". Baadaye nikagundua kwamba anaunakili vile vile anautuma kwa mkurugenzi. Mwezi wa tatu tangu nianze, mafaili makubwa yakarudi mezani kwangu, na hatukuwahi kukaa kikao kuzungumzia uhusiano wetu.

Uangalieni mstari wa tatu. Wengi tunampelekea bosi tatizo likiwa bichi, tunalibwaga mezani, tunarudi kukaa. Ukimpelekea pamoja na unavyoona wewe, hata kama atakataa, unakuwa umemwachia kazi ya kuchagua tu. Na ukikosea mara tatu nne anakurekebisha, unaanza kujua anavyofikiri.

Kuhusu wenzako wa ngazi yenu na walio chini, nina mengi ila nitasema moja. Yule kijana wetu wa bandarini nilikuwa namtupia mafaili saa nne asubuhi, "hili la leo leo", kisha saa kumi namlaumu. Siku moja mwenzake anaumwa, nikaambiwa niende naye. Jamani. Nilisimama kwenye dirisha moja saa mbili na nusu nikiwa nimeshika faili lililopungukiwa na mhuri ambao ningeuweka mwenyewe ofisini kwa sekunde kumi. Tangu hapo faili lake linakuwa tayari jana yake jioni, limepangwa kwa mfuatano wa madirisha anayopita. Mizigo yangu ikaanza kutoka mapema kuliko ya wengine. Watu wakasema nina mtu bandarini. Ninaye kweli, ni yule yule waliye naye wao.

Nawasilisha. Kama kuna aliyepitia tofauti, aje.

#2

Nimesoma mpaka mwisho na chai imepoa. Ila mkuu, tuambizane ukweli, huu si ndio uchawa wenyewe? Kila jioni unamripotia mtu kama mtoto wa boarding anavyomwandikia mzazi. Hapa Bongo tunajuana, anayepanda cheo ni mpwa wa mtu. Hiyo mistari mitatu hata ukiandika kumi na mitatu, kama huna mtu huna mtu.

#3 (Mleta uzi)

Mkuu namba 2, kujuana kupo, sitakubishia. Kwenye ile kampuni wawili walipanda namna hiyo hiyo nikiwaona.

Ila uchawa hapana. Chawa anamsifia bosi kwa shati, kwa gari, kwa hotuba. Umeshamwona chawa anapeleka habari mbaya? Mimi kila jioni mstari wa pili ulikuwa habari mbaya. Kuna siku niliandika kwamba kadhia imekataliwa kwa kosa langu mwenyewe, nimekosea namba ya ushuru ya bidhaa. Sikupewa soda kwa hilo.

#4

Mimi ni dada, nataka niongeze kitu ambacho nyie kina kaka hamkioni.

Mleta uzi anasema mtumie bosi ujumbe kila jioni kwenye simu. Kwake yeye ni sawa. Mimi nilikuwa kitengo cha mauzo, nikaanza hivyo hivyo kwa nia njema, taarifa za siku. Mwezi wa pili majibu yakaanza kuja saa nne usiku. "Umelala?" Kisha "mbona uko kimya?" Kisha ikaja safari ya kikazi Dodoma ambayo watu wawili tungetosha kuifanya kwa simu.

Nilichofanya, labda kitamsaidia mtu. Kwanza taarifa zote nikazihamishia kwenye imeili ya kazi, nikaweka na msaidizi wake kwenye nakala. Hakuweza kulalamika, nilikuwa namtumia kazi yake vizuri kuliko mwanzo. Pili, ujumbe wa usiku nilikuwa naujibu saa mbili na nusu asubuhi, kwa heshima, kuhusu kazi tu: "Shikamoo bosi, nimeona ujumbe wako wa jana. Orodha ya wateja nimeituma kwenye imeili." Tatu, sikufuta hata ujumbe mmoja. Nne, nilimtafuta mama mmoja wa uhasibu anayeheshimika nikamweleza, sikumwomba afanye lolote, nilitaka awepo mtu anayejua.

Alipoona hapenyi, akaacha. Wengine hawaachi, wanasema mkataba hauhuishwi bila "maelewano". Hiyo si tabia mbaya tu, ni kosa la jinai. Rushwa ya ngono imo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kwa hiyo tunaposema "jenga uhusiano mzuri na bosi", kwetu sisi nusu ya ujenzi ni ukuta.

#5 (Mleta uzi)

Dada namba 4, nimekaa nimelisoma mara mbili. Umenisahihisha. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba simu yangu ikilia saa nne usiku inaweza kuwa na maana nyingine zaidi ya kontena. Imeili ya kazi basi, na mtu wa tatu kwenye nakala. Nami nitambadilishia kijana wangu ushauri, maana hata kwake inafaa: kitu kikiwa kwenye imeili hakuna wa kusema hakuambiwa.

#6

Mimi niko rasilimali watu, miaka tisa sasa, sekta binafsi. Naomba niongelee hiyo barua iliyo kwenye mkoba.

Mwambie kijana asikurupuke. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi akishavuka mwezi wa kwanza anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Ukiacha funguo mezani ukaondoka, mwajiri anaweza kukudai mshahara wa kipindi hicho. Na kwa miezi mitano aliyo nayo, hata wakimwachisha wao hana nguvu kubwa, kwa sababu ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumgusi aliye chini ya miezi sita na mwajiri huyo. Akishavuka hapo ndipo anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Wengi wanatufikia siku ya 50 wakiwa wanalia.

Kitu kingine ninachokiona mezani kwangu kila mwezi ni barua ya kujieleza. Mtu akipewa anaijibu papo hapo kwa hasira, kurasa tatu, anataja ukoo mzima wa bosi. Ndugu zangu, lala nayo usiku mmoja. Jibu ulichoulizwa tu. Mambo yakifika kwenye kikao cha nidhamu una haki ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na unaweza kwenda na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako. Na hapo kwa mwenzako ndipo utajua uliishije na watu. Nimeona mtu mwenye haki yake kabisa akakosa wa kumsindikiza, ofisi ya watu 60.

#7

Naunga mkono namba 6. Mimi mtumishi wa halmashauri, sisi tangu OPRAS, ile tathmini ya utendaji ya fomu, iondoke ikaja PEPMIS ya kwenye kompyuta, mambo yamegeuka. Zamani fomu unajaza mwisho wa mwaka, mnakubaliana alama na mkuu wa idara huku mnacheka. Siku hizi majukumu yanaingizwa kwenye mfumo, unajaza utekelezaji, na msimamizi wako anatakiwa aingie aidhinishe. Ukikosana naye akiamua tu kutofungua, kazi umefanya lakini kwenye mfumo unaonekana umelala.

Mimi nilimfuata wangu na laptopu yangu. Alikuwa amesahau nywila, anaona aibu kuwauliza watu wa TEHAMA, vijana wadogo wale. Tukairudisha wote wawili, mlango umefungwa. Sijawahi kumwambia mtu pale ofisini. Nawaambia nyie kwa sababu hamnijui.

#8

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa hoteli, jikoni. Sisi bosi wetu ni mpishi mkuu, na hapo hakuna imeili wala tiki ya bluu, ni kelele tupu kuanzia saa kumi na moja jioni. Nililojifunza ni kwamba neno la jikoni libaki jikoni. Mpishi mkuu akikutolea ukali samaki ameungua, jibu ni "ndiyo chefu", weka mwingine motoni. Mkimaliza, mkisafisha, hapo ndipo unamwendea: "Chefu, ule moto wa upande wa kushoto una kasoro, si mimi." Wangu aliuangalia, kesho yake fundi akaja. Lau ningalimjibu pale pale mbele ya wahudumu, fundi asingalikuja na mimi ningalirudi Kilifi.

#9

Swali kwa mleta uzi. Vipi kuhusu wenzako na pesa? Kwetu kila wiki kuna grupu jipya la WhatsApp: send-off ya fulani, harusi ya mdogo wake fulani, kipaimara. Ukikaa kimya unaonekana unajisikia. Ukichanga zote mshahara unaishia tarehe 10. Na kuna mmoja kaniazima laki mbili tangu Pasaka, ananikwepa mpaka kwenye lifti.

#10 (Mleta uzi)

Hahaa, huyo wa lifti usimtegemee tena.

Msimamo wangu, si lazima uwe wako: msibani naenda, hata kama ni kukaa nusu saa kwenye turubai na kuweka elfu kumi kwenye daftari la rambirambi. Mtu anakumbuka waliokuja kumzika mama yake kuliko wote waliomchangia ukumbi. Harusi nachanga ya mtu ninayefanya naye kazi moja kwa moja, ahadi ndogo ninayoweza kuitimiza mapema. Wengine nawapongeza kwa maneno, na hakuna aliyeninunia zaidi ya wiki. Kukopeshana hapana. Nilimkopesha mwenzangu wa meza ya jirani, nikapoteza hela na mtu aliyekuwa ananishikia simu nikitoka.

#11

Wakuu, nimeandika na kufuta mara nne. Mimi ndiye mwenye barua.

Kaka, umesema hutanitaja, sawa hujanitaja, ila "miezi mitano" na "kwenye mkoba" ofisi nzima wanajua ni nani, kama wanapita humu. Namba 6, ahsante kwa hizo siku 28, nilikuwa sizijui. Nilipanga Ijumaa nisirudi.

Kwangu haikuwa kontena. Nilimrekebisha meneja takwimu zake kwenye kikao, mbele ya wateja wawili. Nilikuwa sahihi, na bado niko sahihi. Tangu siku hiyo ananisalimia kama mlinzi wa benki.

#12 (Mleta uzi)

Mdogo wangu, samahani, hilo la mkoba limenitoka.

Usahihi wako haugombwi. Lakini jiulize, zile takwimu uliziona lini? Kama uliziona asubuhi kabla ya kikao ulikuwa na muda wa kumnong'oneza kwenye ngazi. Kama uliziona mle mle ndani, kuna "bosi, naomba tuangalie ukurasa wa tatu tukitoka." Nenda kamwambie hilo moja tu. Asiposema kitu usikae kumngoja. Kisha leo jioni mwandikie mistari mitatu, kwenye imeili, kama alivyosema dada namba 4.

#13

Nimevuta kiti hapa. Kijana ulete mrejesho, usitutoroke kama yule wa laki mbili.

#14 (mwenye barua)

Mrejesho. Nilimfuata jana saa nne. Nikasema kama nilivyoelekezwa, nilijikaza nisiseme "ila takwimu zilikuwa na kosa". Akasema, "Nimekusikia." Hakuniambia nikae.

Jioni nikatuma mistari mitatu. Usiku kimya. Leo saa moja na dakika arobaini asubuhi, nikiwa kwenye daladala, jibu likaingia: "Mstari wa pili sijauelewa. Ukifika njoo." Nimefika sasa hivi, niko kwenye ngazi. Nipande?

#15 (Mleta uzi)

Ameshakunywa chai?